Wastaafu nasi tupandishwe basi, tuvushwe kisiwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila utalii wa ndani unapozungumzwa, picha inayowekwa gazetini ni ya simba wa Serengeti au ya vijana waliovaa miwani ya jua ufukweni Zanzibar. Mimi ni dereva wa mabasi mstaafu. Nyumbu na pundamilia nimewaona bure miaka yote nikipita Lamadi kwenda Bunda, na kwa goti hili nililonalo, kulala kwenye hema siwezi tena. Nataka kueleza utalii wa namna nyingine, wa basi na meli, niliouona kwa macho yangu huko Uskoti. Halafu nitasema kwa nini wenye mabasi wa Mwanza waujaribu kwenye kisiwa chetu cha Ukerewe, Ziwa Victoria.

Binti yangu ni muuguzi Glasgow. Nilipokwenda kumtembelea mwezi Juni alinikatia nafasi kwenye basi la watalii liendalo kisiwa cha Lewis na Harris, kule kaskazini magharibi ambako ramani ya Uingereza inaishia. Majina ni mawili lakini kisiwa ni kimoja, kimegawanywa na milima. Abiria wenzangu hawakuwa matajiri. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, muuza nyama na mkewe, ndugu wawili wa kike waliofanya kazi posta maisha yao yote, na mjane mmoja aliyebeba sufu yake ya kufuma hadi kwenye meza ya chakula. Nusu yao walitembea kwa fimbo. Walikuwa wamelipa bei moja, kidogo kidogo tangu majira ya baridi, na ndani ya bei hiyo mlikuwa na basi, meli, hoteli, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Ukishapanda, pochi unaigusa ukitaka chai au zawadi tu.

Nianze na dereva, maana jicho langu huanzia kwenye usukani. Alikuwa mama wa makamo, hana kondakta wala utingo. Mizigo alipakia mwenyewe, akafunga buti, akapita katikati ya viti akihesabu vichwa, kisha akakaa, akavaa kipaza sauti na kuanza kusimulia huku anaendesha. Kwenye dashibodi pana kifaa kinachorekodi saa zake. Sheria ya kule inasema dereva akishika usukani kwa saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku asizidishe saa 9 za kuendesha, ingawa mara mbili kwa wiki anaruhusiwa kufika 10. Na sisi tunazo sheria zetu, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, siku hizi inafuatilia mabasi kwa mtandao. Enzi zangu mapumziko ya dereva yalikuwa foleni ya mizani.

Sasa angalia hiyo sheria inavyofanya kazi kwenye basi la wazee. Dakika 45 za dereva ndizo dakika 45 zetu. Kila alipolazimika kusimama, alisimama mahali penye choo safi, chai ya moto na kitu cha kutazama. Hakuna aliyeomba "dereva, nichimbe dawa". Mtu mwenye kisukari au tezi dume anajua ninachosema.

Tulitoka Glasgow kupitia Perth na Inverness, tukateremka hadi Ullapool, kijiji cha nyumba nyeupe zilizopangwa kando ya maji. Hapo ndipo meli ya kwenda Stornoway, mji mkubwa wa Lewis, inapofunga. Inaitwa Loch Seaforth, iko kazini tangu 2015, inabeba abiria 700 na magari madogo 143, nayo inaendeshwa na shirika la umma la CalMac. Gatini kumechorwa njia zenye namba: malori njia yao, mabasi njia yao, magari madogo njia yao. Hakuna kusukumana. Kijana mwenye koti la njano alinyoosha kidole, mama yetu akaingiza basi kupitia mlango wa upande mmoja, na kule tuendako akatokea upande wa pili bila kugusa rivasi. Nilimwonea wivu. Kuna pantoni nilizokuwa naingia kinyumenyume, utingo yuko nyuma anapiga bodi kwa kiganja, "njoo, njoo, kata kulia, njoo, twende", mpaka atakapopiga mara mbili za haraka ujue tairi limefika mwisho. Ukimsikia vibaya umeoga.

Meli ikiondoka hakuna anayeruhusiwa kubaki ndani ya gari. Kila mtu anapanda juu, na idadi ya watu inajulikana kabla kamba hazijafunguliwa. Safari inachukua zaidi ya saa mbili na nusu katika bahari wanayoiita Minch. Siku hiyo ilikuwa na mawimbi ya wastani, sahani zikateleza kidogo mezani, na mjane wetu akaendelea kufuma.

Kisiwa chenyewe ni kikubwa kuliko Unguja, lakini watu wake ni kama 21,000. Wilaya ya Ukerewe peke yake ina watu zaidi ya laki tatu. Miti karibu hakuna, ni upepo, kondoo, maji na udongo mweusi wa kinamasi. Udongo huo wanaukata vipande mfano wa matofali, wanaukausha kiangazi, na wakati wa baridi unakuwa kuni zao. Katika kijiji cha Arnol tuliingizwa kwenye nyumba ya kale ya kuta nene za mawe na paa la nyasi, ambamo watu waliishi mpaka 1966. Moto wa udongo huo unawaka katikati ya sakafu, bomba la moshi halipo, moshi unajitafutia njia kwenye nyasi. Ng'ombe walilala upande mmoja wa nyumba hiyohiyo. Wenzangu walishangaa. Mimi nilikaa kwenye benchi nikavuta ile harufu, kwa sababu kwa bibi yangu ndama walilala ndani na nguo zetu za shule zilinuka hivyohivyo.

Walitupeleka pia Calanais, penye mawe marefu yaliyosimamishwa na watu kama miaka 5,000 iliyopita, mduara wa mawe 13 na mistari ya mawe inayotoka nje yake. Udongo ulikuwa umeyafunika hadi kiuno cha mtu na zaidi, ukaondolewa 1857. Mwenyeji alinitazama akitarajia nitoe sauti. Nilimwambia natoka Mwanza, mawe makubwa tunafulia nguo juu yake. Alicheka, lakini nakiri kwamba kuyasimamisha ni kazi nyingine.

Nilichokipenda kuliko vyote ni banda la bati la mfumaji. Kitambaa cha Harris Tweed kinalindwa na sheria ya Bunge la Uingereza ya 1993: lazima kifumwe kwa nguvu za mtu, nyumbani kwa mfumaji, kwenye visiwa hivyo, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa hukohuko. Kiwanda hakiwezi kumkusanya mfumaji kikamwingiza ukumbini kwake. Basi unamkuta mtu nyuma ya nyumba yake, redio inaimba, anakanyaga pedali mbili za mtambo wa chuma, na kila anapokanyaga, uzi unaruka kutoka kulia kwenda kushoto na chuma kinagonga. Alikuwa na viatu vilivyolika soli upande mmoja tu. Aliacha kufuma, akatuonyesha uzi wa kijani ambao ukiusogeza kwenye mwanga unaona ndani yake njano, bluu na hata wekundu. Nilinunua kofia. Fedha yangu niliiweka mkononi mwake, haikupitia hoteli, wakala wala mtu wa Edinburgh. Basi zima lilifanya hivyo, na tulipoondoka nilimwona anahesabu.

Ukumbi wa kijiji nao ni hivyo. Akina mama wa kijiji waliandaa chai, mikate midogo na keki, bei imeandikwa kwenye karatasi, na mapato yanakwenda kuezeka paa la ukumbi. Basi moja la wazee linashusha wateja wote kwa mpigo, katikati ya kisiwa, mahali ambapo mtalii wa hoteli ya ufukweni hafiki. Ndiyo maana nasema basi ni bora kuliko ndege. Ndege inamshusha mtu mlangoni kwa tajiri.

Barabara nyingi za Harris ni za gari moja. Kila baada ya kipande kifupi pana sehemu iliyopanuliwa ya kupishana. Aliye karibu nayo ndiye anayesubiri, hata kama mwenzake ni pikipiki na yeye ni basi, kisha wote wawili wananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kushukuru. Honi sikuisikia. Mchanga wa Luskentyre ni mweupe na maji ni ya kijani kabisa, ungedhani ni Mafia, mpaka ufungue mlango wa basi upepo ukuchape. Nilipiga picha moja, nikarudi kwenye kiti.

Jumapili basi halikutoka. Lewis ni kisiwa cha watu wa dini, maduka mengi hufungwa, na meli ya kawaida ya Jumapili kati ya Stornoway na Ullapool haikuanza mpaka Julai 2009, tena baada ya mabishano ya miaka. Dereva alilala, sisi tukaenda ibadani. Mimi ni mwanakwaya wa kanisa la AIC, nimeimba na vinanda na magitaa tangu utoto. Pale mzee mmoja alisimama, akatoa mstari wa zaburi peke yake kwa Kigaeli, lugha yao ya asili, na kusanyiko zima likaupokea bila kinanda, kila mtu akiukokota kwa mwendo wake mpaka sauti zikapandana. Sikuelewa neno na sikuweza kukaa vizuri kwenye benchi.

Mchana wa siku hiyo wachache wetu tulitembea hadi karibu na miamba inayoitwa Beasts of Holm, nje kidogo ya bandari ya Stornoway. Usiku wa kuamkia 1 Januari 1919, meli Iolaire ilikuwa inarudisha mabaharia waliotoka vitani. Iligonga miamba hiyo wakati taa za nyumbani zinaonekana. Kati ya watu kama 280 walikufa 201, na maboya na mashua havikuwatosha. Kijana wa kijiji cha Ness, John F. Macleod, aliogelea na kamba hadi nchi kavu, na watu wapatao 40 wakaokoka kwa kamba ile. Hakuna kijiji kisichokuwa na msiba. Nilisimama pale nikiwaza kisiwa cha Ukara, jirani na Ukerewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kubeba watu 101, kilipinduka wakati watu wa gatini wanakiona, na wakafa zaidi ya 220. Ilikuwa siku ya gulio. Baadhi ya waliozikwa nilikuwa nimewabeba kwenye basi langu na magunia yao. Mwalimu mstaafu aliniuliza nina nini, nikamwambia. Alikaa kimya, kisha akaniuliza swali ambalo sijaulizwa Mwanza: "Siku hizi wanawahesabu?"

Pembeni kidogo, kwa wasomaji wako wa Kongo. Kusini kabisa mwa Harris tulikunywa chai kijiji cha Leverburgh. Jina hilo ni la Lord Leverhulme, tajiri wa sabuni, ambaye 1911 alipewa na Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi Kongo, ambako pia alipachika jina lake: Leverville. 1918 alinunua Lewis nzima, kisha Harris. Alitaka kuwafanya wote wafanyakazi wa viwanda vyake vya samaki. Wanaume waliotoka vitani walitaka mashamba, wakayavamia. Mwaka 1923 alikata tamaa na Stornoway akawaachia wananchi wake, ambao mpaka leo wanaimiliki kwa bodi wanayoichagua. Magharibi mwa Harris pia wananchi walinunua ardhi yao 2010. Kwa hiyo kwenye vituo vingi tulivyosimama, maegesho na vyoo ni mali ya wanakijiji, na kisanduku cha sarafu mlangoni ni chao. Watu wa Lusanga, ambayo ndiyo Leverville ya zamani, hawakuachiwa hivyo.

Usidhani mambo yote yalinyooka. Tulipangiwa kurudi kwa meli ya asubuhi kutoka Tarbert kwenda Uig, kisiwa cha Skye. Jioni ya kabla yake, tukiwa kwenye supu, dereva alisimama na simu mkononi: upepo umezidi, meli itaondoka alasiri. Palepale alipiga hesabu ya saa zake za sheria, akapiga simu kwenye hoteli ya usiku uliofuata, akatupangia asubuhi nyingine kabisa. Wazee walinung'unika, wakaongeza supu. Mhudumu wa hoteli alisema sisi tuna bahati, wao wanaishi na hayo. Meli za visiwani nyingi ni kuukuu, na serikali yao iliagiza mbili mpya 2015 kwa pauni milioni 97 kutoka kiwanda cha hukohuko. Ya kwanza, Glen Sannox, ilianza kubeba abiria Januari 2025, na gharama zilipaa mara kadhaa. Yaani hata Wazungu wanalizwa na tenda.

Lakini nauli waliiweka sawa. Tangu Oktoba 2008 visiwa hivyo vya magharibi vilianza utaratibu ambao nauli ya meli inakokotolewa kwa kuangalia mtu angetumia kiasi gani kuendesha gari umbali uleule barabarani, kana kwamba bahari ni lami. Baadaye ukapelekwa visiwa vingine. Pengo linafidiwa na serikali. Nilimwomba mwalimu anieleze mara mbili, maana niliposikia mara ya kwanza nilihisi ananitania. Matokeo yake ni kwamba kampuni ya basi inaweza kuchapisha bei ya safari mwaka mzima kabla, ikijua meli itachukua kiasi gani na itaondoka saa ngapi. Uzuri wa kisiwa haujazi basi. Kinacholijaza ni ratiba ambayo mtu wa Glasgow anaweza kuitegemea akiwa bado nyumbani kwake.

Kutoka Skye tulipita juu ya daraja lililofunguliwa 1995, wananchi wakagomea ushuru wake hadi ukafutwa 2004. Nilisinzia hapo. Sisi nasi tunalo la Kigongo na Busisi tangu 2025, na madereva waliokesha kwenye foleni ya pantoni pale hawahitaji kuelezwa raha yake.

Sasa Ukerewe. Basi kutoka Mwanza kwenda Nansio kwa kupitia Bunda na kuvuka Kisorya hadi Rugezi si ndoto, ni njia ya biashara ya kila siku, na mimi nimeiendesha. Kinachokosekana ni mtu wa kuiuzia wastaafu kama safari ya kupumzika, na bei moja mkononi. Wateja wapo. Vikundi vya makanisa, misikiti na walimu wastaafu vinakodi Coaster kila wiki kwa msiba na harusi. Walioajiriwa miaka thelathini wakiitazama Ukerewe kutoka Capri Point hawajawahi kuikanyaga. Kuna kilima cha Handebezyo, kuna jiwe linalocheza la Ukara, kuna wavuvi, kuna machungwa, na kuna akina mama wanaoweza kupika sato na ugali wa muhogo kwa basi zima wakiambiwa siku mbili kabla. Wapikie kwao kijijini, walipwe wao. Hoteli za Nansio zitapata vyumba, inatosha.

Kwa wenye mabasi nasema: chukueni dereva mtu mzima, asiye na haraka, mpeni kipaza sauti. Sisi wa kwaya yetu tuko tayari kulipa kidogo kidogo kuanzia mwezi ujao, mradi risiti iwepo.

Kwa wanaosimamia kivuko nina maombi madogo. Ratiba ibandikwe Kisorya na Rugezi kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani anazisoma, pamoja na idadi ya juu ya abiria, na mtu wa kuwahesabu awe na mamlaka ya kusema "imetosha". Kivuko kikiharibika tupigiwe simu kabla hatujatoka stendi ya Nyamhongolo. Na vijengwe vyoo pande zote mbili, vya kukaa, vyenye maji na kitasa, pamoja na benchi lenye kivuli. Ada tutalipa, na fedha hiyo wapewe wanakijiji wanaovisafisha.

Dereva mstaafu,
Nyakato, Mwanza
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)